Venezia: Hesabu Madaraja, Achana na Kilomita

Karibu kila Mswahili anayenipigia simu kabla ya kuja Venezia (Venice), mji wa Italia ulio majini, huniuliza, "Hoteli iko mbali na stesheni?" Nami humuuliza: katikati kuna madaraja mangapi? Mita mia nne za huku zinaweza kuwa dakika tano za kutembea, na zinaweza kuwa madaraja manne ya ngazi, kupanda na kushuka, na begi la kilo 23 mkononi. Ngazini magurudumu ya begi hayakusaidii kitu. Nimetembeza wageni mji huu miaka kadhaa sasa, na historia ni nusu tu ya kazi yangu. Nusu ya pili ni kumwambia mtu ashukie wapi.

Kupotea huanzia kwenye treni. Stesheni zenye jina la Venezia ni mbili. Venezia Mestre iko bara. Venezia Santa Lucia ndiyo ya kisiwani, mwisho wa reli, baada ya daraja refu lililokatiza wangwa, yale maji mafupi kati ya bara na kisiwa, tangu 1846 (la magari lilifuata 1933). Mara yangu ya kwanza nilisoma neno "Venezia" kwenye ubao wa Mestre nikaruka chini na mizigo yangu yote, nikabaki nimesimama nje naangalia mabasi na teksi, natafuta bahari. Ningekaa kitini dakika kama kumi tu zaidi. Na tiketi ya karatasi ya treni za mkoa, igonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hasikilizi hadithi.

Wa ndege hushukia uwanja wa Marco Polo, nao uko bara. Basi litakufikisha Piazzale Roma, na hapo ndipo magari yanapoishia. Ng'ambo ya pili hakuna gari, hakuna bodaboda, hata baiskeli hairuhusiwi. Mtu wa Lamu hatashangaa sana, ila huku hata punda hayupo. Mizigo husukumwa na wapagazi kwenye vitoroli, nao wanakudai kwa kila begi.

Baada ya hapo ni miguu au vaporetto, yaani daladala ya majini. Tiketi ya safari moja ni yuro 9.50 na inadumu dakika 75. Ya siku nzima, saa 24, ni yuro 25, na ya saa 72 ni yuro 45. Piga hesabu: ukipanda mara tatu kwa siku, ya siku imeshajilipa. Namba 1 inasimama kila kituo cha Mfereji Mkuu, kama daladala ya kweli. Namba 2 inaruka vituo vingi. Watu hukosea sana gatini, kwa sababu kituo kimoja kinaweza kuwa na magati mawili au matatu yanayoelea, kila moja na upande wake. Usipande kwa kuwa boti imekuja na watu wanapanda. Soma ubao inakokwenda, la sivyo utatembezwa hadi kisiwa cha Lido wakati unaitaka stesheni.

Gondola, ile boti nyembamba ya kasia? Bei ya serikali ya mji ni yuro 90 kwa nusu saa mchana, na 110 baada ya saa moja usiku. Ni bei ya chombo, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa watano mnagawana. Mimi huwapeleka wageni wangu kwenye traghetto, gondola ya kuvushia watu mfereji, kwa mfano kutoka Santa Sofia hadi sokoni Rialto. Yuro mbili, dakika mbili tatu, na kwisha.

Sasa anwani. Mji umegawanywa mitaa sita, nayo ni San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hazifuati barabara, zinafuata mtaa mzima, kwa hiyo Castello peke yake namba zinapita 6,000. Ukiandikiwa "Castello 4,000 na kitu" hujaelekezwa popote bado. Mdai mwenye nyumba vitu viwili: jina la kichochoro na kituo cha vaporetto kilicho karibu. Na jina la kichochoro peke yake halitoshi, maana Calle del Forno, kichochoro cha tanuri la mikate, ziko nyingi.

Maneno machache ya ukutani yatakuokoa. Calle ni kichochoro. Campo ni uwanja (Piazza ni moja tu, ya San Marco). Fondamenta ni njia iliyo kando ya maji. Rio terà ni mfereji uliofukiwa ukawa njia. Sotoportego ni njia inayopita chini ya nyumba ya mtu, kama unavyopita chini ya wikio kule Lamu. Usishangae maandishi ya ukutani yakitofautiana na ramani ya simu. Ukuta unaandika Kivenezia, simu inaandika Kiitaliano.

Nirudi kwenye madaraja. Novemba mwaka jana alikuja mama mmoja wa Tanga na binti yake. Magoti yanamsumbua. Binti alikuwa ameshalipia chumba "dakika nane kutoka San Marco", mwenye chumba ndivyo alivyoandika. Nikafungua ramani nikahesabu: madaraja matano. Tukabadilisha, tukachukua chumba nyuma ya kituo cha San Stae. Kutoka hapo namba 1 ilimfikisha karibu kila alikotaka. Kwenda uwanja wa San Marco tulishukia kituo cha Vallaresso, kwani hapo unaingia uwanjani bila daraja hata moja. Ukishukia San Zaccaria, ambako wageni wengi hushukia, lazima upande daraja la Ponte della Paglia. Na kuvuka Mfereji Mkuu pale Rialto hatukupanda lile daraja la mwaka 1591. Tulipanda boti kituo kimoja, kutoka Rialto hadi Rialto Mercato. Daraja alilipiga picha kutoka chini, na kusema kweli, ndiko linakopendeza.

Wanaokuja asubuhi na kurudi jioni waangalie kalenda ya ada ya kuingia mjini, iliyoanza Aprili 2024. Si kila siku. 2025 zilikuwa siku 54, yuro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa. Anayelala mjini halipi, ila ajiandikishe apate msimbo wake.

Binti alikuwa na hofu ya acqua alta, maji kufurika. Nilimweleza kwamba tangu Oktoba 2020 kuna milango 78 ya chuma katika njia tatu za kuingilia bahari, huinuliwa maji yakitabiriwa kufika kama sentimita 110. Uwanja wa San Marco uko chini kuliko hapo, hivyo unaweza kulowa kabla milango haijainuliwa. Kinachofurisha ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likikutana na scirocco, upepo wa kusini-mashariki unaosukuma bahari ndani. Hakunisikiliza hadi mwisho. Alikwenda kununua mabuti ya mpira jozi mbili.

Jioni tukakaa mbele kabisa kwenye namba 1. Mama akatazama ukoga wa kijani kwenye ngazi za majumba, akatazama juu ya mapaa.

"Mwanangu, mwezi nusu huu. Maji mafu, hayajai. Hayo mabuti ya nini?"

Siku zote nne walizokaa, mabuti hayakutoka mfukoni.