Je, wajua kwa nini taya la chini hupungua baada ya meno kwisha?

Mzee asiye na jino hata moja huonekana uso umefupika na kidevu kimejitokeza mbele. Wengi hudhani ni fizi zilizonywea kwa uzee, lakini kilichopungua hasa ni mfupa, na umri peke yake si chanzo.

Sehemu ya juu ya taya hilo la chini, yenye matundu ya meno, huota pamoja na meno na hudumu kwa sababu yao. Kila jino hushikiliwa na nyuzi za kolajeni (protini yenye nguvu) zilizozama upande mmoja katika mzizi na upande wa pili katika ukuta wa tundu, kwa hiyo mtu anapotafuna nyuzi hizo huuvuta mfupa, na mvuto huo huchochea ujenzi wake. Jino liking'oka, damu huganda tunduni na baada ya miezi kadhaa mfupa mpya huziba nafasi. Lakini kwa kuwa mvuto haupo tena, osteoklasti, yaani seli zinazomeng'enya mfupa, huzizidi nguvu zile zinazoujenga. Upungufu huu huwa wa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha huendelea polepole kwa miaka mingi. Mtafiti wa meno bandia Antje Tallgren, katika utafiti wa miaka 25 uliochapishwa mwaka 1972, alionyesha kwamba kwa wavaaji wa meno bandia kamili taya la chini hupungua takribani mara nne zaidi ya la juu. Meno bandia hukandamiza mfupa badala ya kuuvuta, na eneo la kuyabeba chini ni dogo kuliko juu.

Kinachobaki ni mfupa wa msingi: gamba gumu kwa nje, na ndani mfupa wa sponji ambao wingi wake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Ateri ya ndani ya taya mara nyingi husinyaa, na mfupa hutegemea zaidi damu ya utando unaoufunika. Ndiyo maana daktari wa upasuaji hupaswa kuubandua utando huo kwa uangalifu mkubwa.

Neva (mshipa wa fahamu) inayopita ndani ya taya la chini nayo huathirika. Kitundu inamotokea kuelekea mdomo wa chini, ambacho awali kilikuwa mbali na ukingo wa juu, huweza kujikuta juu kabisa, chini ya meno bandia yenyewe. Mzee anayelalamika kwamba meno yake bandia yanamchoma au mdomo unakufa ganzi asiambiwe avumilie. Huenda neva yake inabanwa kweli. Mfupa wa mbele, kati ya vitundu hivyo viwili (kimoja kila upande), kwa kawaida hubaki imara zaidi, na hapo ndipo vipandikizi vya kushikilia meno bandia huwekwa.