BAM haiingii kwenye divisheni, lakini inaweza kukukosesha chuo

Kila dirisha la udahili likifunguliwa tunapokea lalamiko lilelile: mtoto ana divisheni wani, amekosa kozi ya Uchumi chuoni, ameonewa. Tukifungua matokeo tunakuta tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) yenye A na B safi, BAM, yaani hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, ina F, na Hisabati ya kidato cha nne ina D. Hakuna aliyemwonea.

Wanafunzi wameaminishana kwamba kwa kuwa BAM haihesabiwi kwenye divisheni, kipindi chake ni cha kujisomea Historia. Jamani, divisheni ni jambo moja na udahili ni jambo jingine. Chuo hutazama kwanza masomo makuu mawili yenye jumla isiyopungua pointi 4.0 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), kisha sharti la kozi yenyewe. Uhandisi na Takwimu hudai hisabati ya juu, ile ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Uchumi, katika vyuo vingi, humpokea asiyeisoma iwapo ana angalau S (alama iliyo chini ya E) ya BAM au alama iliyotajwa ya Hisabati ya kidato cha nne. Viwango hutofautiana, hivyo usome mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba, si wa kaka yako. Anayebadili alama kwenye cheti hufutiwa udahili hata akiwa mwaka wa tatu, na kughushi ni kosa la jinai.

Kuingia tu hakutoshi. Wiki ya kwanza huwa nawaandikia wapya ubaoni kipeuo cha pili cha jumla ya 9 na 16. Wengi, wakiwemo wa PCM, huandika 7, kwa kuwa wametafuta vipeuo vya 9 na 16, yaani 3 na 4, wakavijumlisha. Jibu ni 5. Kijana huyo anajua kanuni za kuintegreti kwa kichwa, ila aljebra ya kidato cha pili haijamkaa, na ndiyo inayomwangusha kwenye Takwimu. Walimu wenzangu, rudini hapo bila kikokotozi, na mwanafunzi aeleze kila hatua kwa mdomo. Inachukua muda, najua silabasi inavyobana.

Kwa waliomaliza kidato cha nne, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa kubadili tahasusi, na muda wake ukiisha umeisha. Mzazi, kabla mwanao hajathibitisha, fungueni pamoja mwongozo wa udahili, mtafute kozi anayoitaka, mkasome mstari unaotaja hisabati.