Big O: swali linalokuja kodi yako ikishafanya kazi

Kwenye usaili wa kuandika kodi ya kompyuta, ukishapata jibu sahihi usidhani umemaliza. Msaili ataitazama kodi yako kidogo, kisha atauliza: "Big O yake ni ipi?" Anachotaka kujua ni kitu kimoja: data ikiongezeka, kazi ya programu yako inaongezeka kwa mwendo gani. Hakuulizi sekunde. Sekunde hutegemea mashine, lugha uliyotumia, na hata programu nyingine ulizoziacha wazi. Mwendo wa ongezeko hutegemea mbinu uliyochagua wewe.

Alama yenyewe ilianzia kwenye hisabati. Mjerumani Paul Bachmann aliitumia mwaka 1894 katika nadharia ya namba, mwenzake Edmund Landau akaieneza, na mwaka 1976 Donald Knuth akawawekea watu wa kompyuta utaratibu wa kuitumia. Historia hiyo hutaulizwa. Utakachoulizwa ni kama hiki.

Swali namba moja kwenye LeetCode, tovuti ambayo wengi huitumia kujinoa, ni la kutafuta namba mbili zenye jumla fulani. Tuliweke kwa wakala wa M-Pesa: una orodha ya miamala ya siku, na unataka kujua kama kuna miwili ambayo jumla yake ni shilingi 50,000.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuchukua muamala mmoja, kuujumlisha na kila mwingine uliobaki, kisha kuhamia wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Miamala ikiwa 10,000, jozi za kukagua ni 49,995,000. Ikiwa 20,000, jozi ni 199,990,000. Data imeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka karibu mara nne. Mwendo huo ndio O(n²), n ikiwa ni idadi ya miamala. Hesabu kamili ya jozi ni n(n−1)/2, lakini ile nusu na ile −1 hutupwa. N ikishakuwa kubwa, hazibadilishi umbo la ongezeko.

Njia ya pili hupita orodha mara moja tu. Kwa lugha ya Python, `lengo` ikiwa ni 50,000:

```
vilivyopita = set()
for kiasi in miamala:
    if lengo - kiasi in vilivyopita:
        return True
    vilivyopita.add(kiasi)
return False
```

Ukifika kwenye 18,000 unajiuliza kama 32,000 ilishapita. Seti haitafuti kwa kupekua kimoja kimoja. Inakokotoa mahali ambapo kitu hicho kingekaa na kwenda hapo moja kwa moja. Hilo ni O(1) kwa wastani, yaani kazi haiongezeki hata data ikiongezeka, na kwa kuwa linafanyika mara n, jumla ni O(n): data ikiongezeka mara mbili, kazi nayo mara mbili. Hilo neno "wastani" litamke. Vitu vingi vikigongana mahali pamoja utafutaji unaweza kushuka hadi O(n), na msaili makini atafurahi kusikia kwamba unalijua hilo kabla hajakuuliza.

Sasa badilisha kitu kimoja: badala ya `set()` weka orodha ya kawaida, `[]`, na `add` iwe `append`. Kodi inabaki na kitanzi (loop) kimoja, ile `for`, na jibu linabaki sahihi, lakini umerudi O(n²). Neno `in` kwenye orodha hupekua kuanzia mwanzo, kwa hiyo kuna kitanzi cha pili kimejificha ndani ya kile cha kwanza. Wanaohesabu vitanzi kwa macho huangukia hapa. `pop(0)` nayo ina mtego uleule, kwa kuwa ukitoa kitu cha kwanza kwenye orodha ya Python, vyote vilivyobaki husogezwa nafasi moja.

Miendo mingine utakayokutana nayo mara kwa mara si mingi. O(log n) ni ya kutafuta kwenye data iliyopangwa kwa kukata nusu kila hatua, kama unavyofungua kamusi katikati na kuachana na upande usiohusika. Vitu milioni moja humalizika kwa hatua kama 20, na bilioni moja kwa kama 30 tu. O(n log n) ni ya mbinu nzuri za kupanga. O(2ⁿ) hujitokeza unapojaribu kila mchanganyiko unaowezekana: vitu 30 vina mafungu 1,073,741,824.

Kwenye mazoezi, soma mipaka ya swali kabla ya kuandika chochote. Ukiambiwa n inafika 100,000, O(n²) ni hatua bilioni kumi, na hilo tayari linakudokeza utafute njia nyingine. Ukiambiwa n haizidi 20, hata O(2ⁿ) inapita. Na ukimaliza kila zoezi, sema kwa sauti muda wake, memori yake, na sababu. Kutaja "O ya n" bila sababu ni kubahatisha, na msaili atakugundua kwa swali moja tu la "kwa nini?"

Binafsi naona usaili huu huipa Big O uzito kupita kiasi. Kwa data ndogo, mbinu ya O(n²) inaweza kuwa na kasi zaidi. Hata upangaji wa Python wenyewe, Timsort, hutumia mbinu ya aina hiyo kwenye vipande vifupi. Lakini ndani ya chumba cha usaili, hoja hiyo ilete baada ya kujibu, si badala ya kujibu.

Kwa sababu swali la nyongeza litakuja. Njia ya seti imenunua muda kwa memori: huenda ukahifadhi miamala yote, yaani O(n) ya nafasi ya ziada. Msaili atasema, "Miamala imeshapangwa kuanzia mdogo, na sitaki seti." Hapo weka kidole kimoja mwanzoni na kingine mwishoni. Jumla ikipungua 50,000, sogeza cha mwanzoni mbele. Ikizidi, rudisha cha mwishoni nyuma. Vikikutana, hakuna jozi. Muda ni O(n), memori ya ziada O(1).