Mtunzaji wa programu huria: dhamana hana, wajibu anao

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa kuiendesha kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia. Mtunzaji ndiye mwenye ufunguo wa msimbo huo. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuandika marekebisho na kuyatuma, lakini hayaingii mpaka mtunzaji ayasome, aridhike, kisha ayapokee. Watunzaji wengi hawalipwi. Hufanya kazi hii usiku, baada ya ile inayowalisha. Sasa programu ikileta madhara, nani ajibu?

Tuna maneno mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Dhamana ni ahadi unayoweza kudaiwa: redio uliyouza ikizima kabla ya muda mliopatana, mnunuzi anairudisha na una deni naye. Wajibu ni jambo linalokupasa hata kama hakuna wa kukushtaki. Leseni za programu huria huiondoa dhamana waziwazi. Ile ya MIT hutamka kwamba programu inatolewa kama ilivyo. Leseni nyingine, GPL toleo la 2, la mwaka 1991, humwachia mtumiaji hatari yote ya ubora wake. Naona ni haki. Nani angegawa jasho lake bure kama mstari mmoja wenye kosa ungeweza kumfikisha mahakamani?

Wajibu lakini haufutwi na leseni, na uzito wake ulionekana kwenye OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano kati yako na tovuti ili nywila isisomwe njiani. Mwishoni mwa 2011 mchangiaji mmoja, mwanafunzi wa uzamivu nchini Ujerumani, alileta kipengele cha kompyuta kujuliana hali: moja hutuma neno na kutaja urefu wake, nyingine hulirudisha vilevile, ishara kwamba bado zimeunganishwa. Alisahau kuhakiki kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Ukituma herufi moja ukadai ni 64,000, seva inakurudishia herufi yako pamoja na chochote kilichokaa jirani kwenye kumbukumbu yake: nywila za watu, barua zao, hata funguo za siri. Mtunzaji aliyeupitia msimbo ule naye hakuona. Ukatolewa rasmi Machi 2012, na dosari ikatangazwa Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed. Miaka miwili mlango ulikuwa wazi.

Siwezi kuwatwika wawili hawa lawama yote. Mradi ulikuwa na mtu mmoja tu wa kazi ya kutwa, na michango iliyoingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, ilhali kampuni tajiri kuliko zote zilikuwa zimejenga biashara juu ya msimbo uleule, ulio wazi kwa yeyote kuusoma. Ziliweza kuwalipa wasomaji, hazikuwalipa. Baada ya tukio hilo ndipo kadhaa, kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi ya programu huria, zilipoahidi dola 100,000 kila moja kwa mwaka, kwa miaka mitatu.

Mchangiaji anapaswa kujaribu kazi yake kabla ya kuituma na kueleza kwa nini inahitajika. Mtunzaji anapaswa kukataa, na hapa ndipo pagumu, kwa sababu anayekataliwa naye amejitolea, pengine wiki nzima. Bado ni afadhali mchangiaji mmoja anune kuliko kupokea kitu usichokielewa, maana ukishakipokea kimekuwa chako, na aliyekileta anaweza kutoweka kesho.

Mtunzaji aliyechoka ana wajibu mwingine: kusema amechoka. Wa xz, programu ya kubana mafaili, alisema hivyo mwaka 2022 huku watu wakimshinikiza kwa maneno makali aharakishe kazi. Msaidizi aliyejiita Jia Tan alikuwa karibu, mchapakazi, mpole. Taratibu akakabidhiwa mamlaka, na mwaka 2024 akaficha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu, ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Aliyeugundua hakuwa mtunzaji wa xz. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, alikuwa akipima mambo yake mengine alipoona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Hakuna aliyemtuma kufuatilia. Alifuatilia, na tarehe 29 Machi akawatangazia wote.