Mchungaji kwenye kiti cha meya

Jumamosi moja nilikuwa Igoma, nafundisha semina ya wazee wa kanisa. Mada ilikuwa Matengenezo ya Kanisa, na nilishafika pale Martin Luther, Mjerumani aliyeyaanzisha, anapofundisha kwamba Mungu anatawala kwa njia mbili, moja kwa neno na nyingine kwa upanga. Ulimi ukateleza nikasema "serikali mbili", darasa zima likaangua kicheko. Kwa Mtanzania serikali mbili ni mambo ya Muungano; Luther hayumo kabisa. Kicheko kilipotulia, mzee mmoja wa viti vya nyuma, aliyekuwa mtendaji wa kata kabla ya kustaafu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuwaache hao wa zamani. Mchungaji wetu leo akichukua fomu ya udiwani, joho analiweka wapi?"

Nikaanza na Katiba. Ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Hilo linahusu shughuli za jumuiya, wala si haki ya mtu mmoja mmoja kupiga au kuomba kura. Kinachombana mchungaji hasa ni sharti la chama: huku kwetu hugombei bila kudhaminiwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye hakuwa Mlutheri, alilipigania suala la mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikampa ushindi Juni 2013. Akafariki Oktoba 2015, sharti likiwa palepale. Kwa hiyo mchungaji anayetaka udiwani lazima kwanza avae fulana ya rangi fulani, na Jumapili inayofuata kuna washarika wanaopokea Chakula cha Bwana kutoka kwenye mkono walioupinga mtaani wiki nzima. Kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kunirudisha nyumbani.

Lakini mzee aliuliza joho linawekwa wapi. Nikamjibu kwa maisha ya mtu mmoja.

Heinrich Albertz alizaliwa Januari 1915 katika mji wa Breslau, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Baba yake alikuwa mchungaji. Yeye mwenyewe alisoma theolojia Hitler akiwa madarakani, akajiunga na Kanisa la Ukiri, yaani wale Waprotestanti waliokataa kanisa lao ligeuzwe tawi la chama cha Nazi, na alikamatwa zaidi ya mara moja. Wasomaji wa Kilutheri mtaniuliza kama alikuwa wetu. Upande alikozaliwa, Walutheri na Wareforma, yaani Waprotestanti wa mkondo wa Calvin, walikuwa wameshaunganishwa na mfalme wa Prussia tangu 1817, kwa hiyo mpaka hauko wazi sana. Wamisionari wa Betheli, shirika la Kijerumani, waliofika Bukoba mwaka 1910 walitoka katika mazingira hayohayo, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatujawahi kuwauliza kadi.

Vita vilipoisha alikuwa Celle, kaskazini mwa Ujerumani, mchungaji wa wakimbizi. Mamilioni ya Wajerumani walikuwa wamefukuzwa kutoka mashariki, ukiwemo mji wake wa kuzaliwa. Kazi ilikuwa kutafuta paa, mablanketi na vibali. Siasa ilimkuta humo. Mwaka 1946 akaingia SPD, chama cha wanademokrasia ya kijamii, mwaka 1948 akawa waziri wa wakimbizi wa jimbo la Niedersachsen. Mwaka 1955 akahamia Berlin Magharibi, akapanda ngazi chini ya meya Willy Brandt, mpaka Brandt alipoondoka Desemba 1966 kwenda kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Magharibi. Mchungaji akakalia kiti cha meya.

Hapa msomaji wa Mwanza asimfikirie meya wetu. Meya wa Mwanza anachaguliwa na madiwani wenzake, mkurugenzi anateuliwa na Rais, na polisi ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Meya akitafuta nguvu ya kutumia mitaani, anaangukia kwa mgambo. Berlin Magharibi ilikuwa jiji na jimbo kwa wakati mmoja: polisi walikuwa chini ya serikali ya jiji, na Albertz kabla ya umeya alishakuwa mkuu wa mambo ya ndani. Bunduki zilikuwa kwenye meza yake.

Tarehe 2 Juni 1967 Shah, yaani mfalme, wa Iran alikuja kutembelea jiji. Jioni alikwenda kwenye jumba la opera, meya akiwa mwenyeji wake. Nje wanafunzi waliandamana, polisi wakawapiga virungu na kuwakimbiza mitaa ya jirani. Katika uwanja wa nyumba moja pale karibu, polisi aitwaye Karl-Heinz Kurras alimpiga risasi ya kichwa mwanafunzi Benno Ohnesorg, mwenye miaka 26, ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Usiku uleule meya akatoa tamko: uvumilivu wa jiji umekwisha, na lawama ni za waandamanaji. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na waliomwambia ni polisi.

Nisimame hapo kidogo, maana ndipo ninapomwelewa kuliko ninavyopenda. Miaka fulani nilialikwa kwenye baraza la madiwani la mji mmoja wa huku ziwani, sitautaja, kusali sala ya kufungua kikao. Nikapewa kabrasha kama mjumbe, zito kama tofali. Nikalifungua ukurasa unaohusu kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani: "zoezi limefanyika kwa amani na utulivu." Jioni ya jana yake nilikuwa wodini na mama mmoja muuza vitumbua. Karai lilipinduka kwenye ile purukushani, mafuta yakamwagika kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Bandeji ilikuwa imelowa, na alikuwa ananiuliza kama karai lenyewe liliokotwa. Mwenyekiti akauliza kama taarifa imepokelewa. Wakagonga meza, imepokelewa. Mimi nilikuwa na kola shingoni na kabrasha mapajani, nikatazama feni.

Albertz hakuishia kutazama feni. Majira yale ya joto ushahidi ulianza kutoka, watu waliokuwepo wakasimulia, na yeye akasikiliza. Septemba 1967 alisimama mbele ya bunge la jiji akakiri kwamba usiku ule alipokuwa mkali kuliko wakati wowote ndipo alipokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa kuwa alitenda lisilo sahihi. Siku chache baadaye akajiuzulu. Chama chake nacho kilikuwa kimemchoka, tusimfanye malaika. Ila mimi sijawahi kuona kabrasha lenye sentensi kama ile.

Akarudi kwenye uchungaji, na kuanzia 1974 alihudumu usharika wa Schlachtensee, pembezoni mwa jiji. Huko ndiko ule usiku ulikomkuta tena. Februari 1975, siku tatu kabla ya uchaguzi wa Berlin, kundi la vijana wenye silaha lilimteka Peter Lorenz, mgombea umeya wa CDU, chama cha wanademokrasia Wakristo. Kundi lilijiita Harakati ya Juni 2, kwa kumbukumbu ya siku aliyouawa Ohnesorg. Walidai wenzao waachiwe kutoka gerezani na wasafirishwe nje, na wakamtaja mtu wanayetaka apande nao ndege kama dhamana kwamba hawatageukwa: Mchungaji Albertz. Meya wa usiku ule ule! Akapanda. Ndege ikawafikisha wafungwa watano Aden, Yemen Kusini. Aliporudi akatangaza kwenye televisheni maneno ya siri waliyokubaliana, na Lorenz akaachiwa akiwa hai.

Alistaafu 1979 na kufariki Bremen mwaka 1993. Kurras aliachiwa huru na mahakama, na mwaka 2009 nyaraka zikaonyesha kwamba wakati anafyatua ile risasi alikuwa pia jasusi wa Ujerumani Mashariki. Albertz hakuishi kulijua hilo.

Nilipomaliza, chai na maandazi vilishafika mlangoni, wengine wakaanza kusogeza viti. Yule mzee hakuinuka. Nilidhani anataka kurudi kwenye suala la joho.

"Ile 'kwa amani na utulivu', mwalimu," akasema, akipunguza sauti. "Mimi nimeiandika miaka kumi na tisa. Mara nyingine nilikuwa naiandika asubuhi, zoezi lenyewe ni mchana."