Kamba Legevu ni Nini?

Kamba legevu ni hali ya mbwa kutembezwa huku kamba ikining'inia kati ya shingo yake na mkono wa mtu, bila kukaza. Si lazima abanane na mguu wako. Anaweza kunusa majani, kutangulia hatua moja au kubaki nyuma kidogo. Kinachotazamwa ni kamba.

Mbwa havuti kwa ukaidi. Mwendo wake wa kawaida ni wa kasi kuliko wetu, na kila akivuta hadi akaufikia mwembe alioutaka, amejifunza kwamba kuvuta kunalipa. Ukimvuta nyuma naye hujikaza mbele, koo linabanwa, anakohoa, na hakuna alichojifunza.

Tumia kamba ya kitambaa au ngozi, mita 1.5 hadi 2. Mnyororo mzito wa bandani haufai, kwa sababu uzito wake unamvuta muda wote, hivyo hatambui umelegea saa ngapi. Mkanda wa shingo upitishe vidole viwili. Kwa mvutaji sugu, mkanda wa kifuani ni salama zaidi.

Kwa zawadi, watu wa Kigoma tumebarikiwa: konzi moja ya dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, kila mmoja ukatwe vipande viwili.

Mbwa aliyeshinda kutwa bandani mwache kwanza akimbie uani. Kisha fanyeni dakika 5 hadi 10 tu, humo humo uani. Piga hatua moja. Kamba ikiwa imelegea, mpe dagaa kando ya goti lako. Anapopokelea ndipo atakapopenda kukaa, kwa hiyo ukimpa mbele yako atakukingama njia. Ongeza ziwe hatua tatu, tano, kumi. Kamba ikikaza, simama kimya. Akirudi hata nusu hatua ikalegea, endeleeni, lakini zawadi isubiri hatua tatu. Ukimpa papo hapo atajifunza mchezo mwingine: vuta, rudi, kula.

Kinachoharibu zaidi ni leo kusimama, kesho una haraka ukakubali kuburutwa. Anayefanikiwa mara moja moja hung'ang'ania kuliko anayefanikiwa kila siku. Kama mnafunzia mkanda wa shingo, siku ya haraka mfunge wa kifuani, wa shingo ubaki wa mafunzo pekee, naye ataipambanua tofauti.

Barabara yenye bodaboda ije baada ya uani na kichochoro kutulia. Mwaloni Kibirizi, ufukweni wanakoshusha samaki hapa Kigoma, pawe mwisho kabisa: palipoanikwa dagaa, dagaa wa mfukoni mwako hana thamani. Huko beba maini ya kuchemsha, na anzeni mbali na vichanja.