Hati ya shamba haikupi kijito

Kiangazi kikikaza, wakulima wa kando ya vijito vinavyoshuka kwenda Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Misungwi mkoani Mwanza, Tanzania, huanza kutazamana vibaya. Wa juu kaziba mkondo kwa viroba vya mchanga, wa chini nyanya zinamnyaukia. Ukimuuliza wa juu, jibu analo mdomoni: kijito kinapita kwangu, na hati ninayo.

Hati hiyo ni ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema maji ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Kuyachepusha, kuyazuia au kuyavuta kwa pampu ili umwagilie kunahitaji kibali cha kutumia maji. Kwa huku kwetu kibali hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza. Kuchota ndoo ya kupikia hakuhitaji kibali.

Mwenye kibali naye asijione mfalme. Kibali kinataja chanzo, kiasi, matumizi na muda. Hakiahidi kwamba maji yatakuwepo. Yakipungua, mahitaji ya msingi ya binadamu yanatangulia, kisha maji ya kukifanya kijito chenyewe kiendelee kuishi, ndipo shughuli za kiuchumi. Kwa hiyo kijiji kikikosa maji ya kunywa, tikiti lako linasubiri, uwe na kibali au la. Wengi hawapendi kusikia hili.

Ugomvi mgumu zaidi ni wa majirani wawili wenye vibali halali. Hapo swali si nani wa kwanza kufika, ni nani anavuta zaidi ya alichoandikiwa. Bila mita ya kupima maji ni neno la huyu dhidi ya la yule. Funga mita, andika usomaji wake kwenye daftari, piga picha zenye tarehe. Anayedai haki ya kimila ya mfereji wa babu, sheria inamtambua, lakini aje na wazee wanaoujua mfereji huo.

Kabla ya kulalamika, pima shamba lako pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na si mara chache mlalamikaji ndiye aliyelima hadi majini.

Anzia kwenye jumuiya ya watumia maji ya eneo lenu, kama ipo. Kusuluhisha wanachama ni kazi yake. Ikishindikana, andikia Bodi, ambatanisha nakala ya kibali na ushahidi wako. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa. Baraza la ardhi litawafaa mkigombea mpaka, si kiasi cha maji. Na viroba vya jirani usivibomoe usiku: ukikamatwa, utajibu kesi ya jinai huku shauri lako la maji halijasikilizwa.